Mke wa Amin Aliishi London, Ndiyo. Sasa Nikwambie Aliishije

Mdogo wangu, swali lako nimelipata, na hao waliokushangilia nimewaona pia. Umeuliza: kama ughaibuni ni kugumu kama tunavyolia sisi wabeba boksi, mbona mke wa Idi Amin alikaa London mpaka akafa, binti wa Stalin, yule mtawala wa Urusi ya Kisovieti, akapewa uraia wa Marekani, na familia ya Bokassa, aliyetawala Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikajichimbia kwenye jumba la kifahari nje ya Paris? Halafu ukanichoma kabisa: "Au ni ninyi tu mmeshindwa maisha?"

Haya, tukae tuzungumze.

Kwanza nikupe haki yako. Wapo wanaokula bata, tena bila aibu. Mwaka 2009 Uswisi iliwaachia warithi wa Mobutu, aliyetawala Kongo ikiitwa Zaire, faranga kama milioni 7.7 zilizokuwa zimezuiwa benki, si kwa sababu fedha zilionekana ni halali, bali muda wa kuwashitaki ulikuwa umepita. Mkongo wa kawaida hakuona hata senti. Kwa hiyo ukiniambia kuna watoto wa vigogo wanaoteleza ughaibuni kwa fedha za wananchi, sibishani nawe. Ila hao watatu uliowataja, mdogo wangu, umechagua mifano mibaya.

Nianze na Sarah Kyolaba, huyo mke wa Amin, kwa kuwa aliishi mji huu huu ninaoishi mimi. Alikuwa binti mdogo anayecheza shoo kwenye bendi ya kikosi cha jeshi la Uganda, Amin akamtia machoni. Binti alikuwa na mwenzi wake. Yule kijana akatoweka, na nani angethubutu kuuliza? Mwaka 1975, Kampala ikiwa imefurika marais waliokuja kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ndoa ikafungwa, na Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, akasimama upande wa bwana harusi.

Waliomtangulia kwenye nyumba ile alijua yaliyowakuta. Mwaka mmoja kabla yake Amin aliwaacha wake watatu kwa mkupuo, talaka zikatangazwa redioni kama matokeo ya mpira. Mmoja alikamatwa kwa tuhuma za magendo ya vitambaa. Mwingine, Kay, miezi michache tu baada ya talaka mwili wake ulikutwa kwenye buti la gari, umekatwa vipande. Sarah akaingia kwenye nyumba hiyo hiyo akiwa na umri ambao wewe ulikuwa bado unaniomba nikununulie simu.

Utawala ulipoanguka 1979 alimfuata mumewe Libya, kisha Saudi Arabia, mwanzoni mwa miaka ya 1980 akachoka akaondoka. Akapitia Ujerumani, akatua hapa. Mumewe alijipachika cheo cha mshindi wa Dola ya Uingereza. Mke akaja kuomba hifadhi Uingereza hiyo hiyo, akafungua mgahawa, baadaye saluni kaskazini mwa London. Saratani ikamchukua Juni 2015, akiwa na miaka 59.

Sasa wewe unajua saluni zetu zilivyo. Unakaa saa tano unasukwa, na midomo haifungwi. Kaa kwenye kiti hicho wewe Mganda ambaye baba yako alichukuliwa usiku na watu wa State Research Bureau, mashushushu wa Amin, asirudi, halafu katikati ya msuko ndiyo unang'amua kichwa chako kiko kwenye himaya ya nani. Na Sarah mwenyewe hakusaidia, maana alipohojiwa alimsifia Amin. Labda alimpenda. Labda ukishaishi na mtu wa namna ile, kumkana maana yake ni kukubali kwamba ujana wako wote ulikuwa ni kutekwa.

Hapo ndipo tofauti yao na sisi inapoanzia. Mtu kama mimi nikifika ughaibuni, kitu cha kwanza ninachopewa bure ni kutojulikana. Jina la ukoo wangu halimwambii mtu lolote. Wazee ninaowalea wananiita wanavyoweza, msimamizi anachotaka ni zamu tu ijae. Kunauma mwanzoni, hasa kama nyumbani ulikuwa mtu wa kuheshimiwa, lakini baadaye unaona ni nafuu. Wale wenzetu nafuu hiyo ndiyo wanayoitafuta maisha yao yote, na wengi hawaipati.

Chukua Svetlana wa Stalin, maana huyo ndiye uliyemtaja kama vile alishinda bahati nasibu. Mama yake, Nadezhda, alijipiga risasi Novemba 1932, Svetlana akiwa na miaka sita. Wakamwambia ni kidole tumbo. Miaka kumi alimlilia mama aliyekufa kwa ugonjwa, mpaka siku aliposoma gazeti la Kiingereza, akakuta ukweli umeandikwa humo kama habari inayojulikana na dunia nzima. Dunia nzima isipokuwa yeye. Akiwa na miaka 16 alimpenda mtu wa filamu, Aleksei Kapler, mtu mzima, Myahudi. Baba akatuma watu: Kapler akapelekwa uhamishoni Vorkuta, kaskazini kwenye baridi kali, miaka mitano, na alipomaliza akakamatwa tena akapewa mingine mitano. Wengine tulichapwa fimbo kwa barua za mapenzi tukadhani tumeonewa.

Kaka zake nao hawakusalimika. Yakov alitekwa na Wajerumani 1941, akafia kambini Sachsenhausen miaka miwili baadaye. Vasily alipewa ujenerali wa anga akiwa kijana na akazama kwenye pombe. Baba alipofariki Machi 1953 haikupita hata miezi miwili, akakamatwa. Alifungwa miaka mingi, akafa 1962 kabla ya kutimiza 41. Baba akiwa hai mwana anapepewa kama mkuu wa majeshi, baba akifumba macho tu, wale wale waliokuwa wakimpepea ndio wanaomfunga pingu.

Svetlana alitoroka mwaka 1967. Alikuwa amempenda Mhindi mmoja mkomunisti, Brajesh Singh, na serikali ikamkatalia kufunga naye ndoa. Singh alipofariki, wakamruhusu apeleke majivu yake India. Jioni ya tarehe 6 Machi akaingia ubalozi wa Marekani, New Delhi, na begi lake, akasema yeye ni binti wa Stalin. Maofisa wakatazamana, kwenye kumbukumbu zao hawakuwa na habari kwamba Stalin ana binti. Nyuma yake, Moscow, alikuwa ameacha watoto wawili waliokuwa wakimsubiri arudi.

Marekani walimpokea kwa kamera, na kitabu chake kikamwingizia zaidi ya dola milioni moja. Hapo ndipo wewe unaposimamisha hadithi. Endelea basi. Mjane wa msanifu majengo maarufu, Frank Lloyd Wright, akamwalika Arizona. Huyu mjane alikuwa na binti aliyeitwa Svetlana, aliyekufa kwa ajali ya gari, na mume wa marehemu, Wesley Peters, alikuwa bado yupo pale. Mama akaingiwa na wazo kwamba huyu Svetlana mpya ameletwa azibe pengo. Wiki tatu tu baada ya kukutana, 1970, wakaoana! Peters alikuwa na madeni, mke mpya akayalipa. Akazaa mtoto wa kike, ndoa ikavunjika, milioni ikayeyuka. Kila mtu aliyekutana naye alikuwa na nafasi yake ya kumjazia, na hakuna nafasi hata moja iliyokuwa yake.

Uraia wa Marekani unaousema aliupata 1978. Na bado mwaka 1984 alifanya lile ambalo kila mmoja wetu huku hulisema akishashiba ugali wa Krismasi: nitarudi nyumbani. Akarudi Urusi na yule binti, ambaye hata Kirusi hakukijua. Mtoto wake wa kiume walionana wakakosa la kuambiana, na wa kike, aliyekuwa mbali Kamchatka, hakutaka kumwona kabisa. Wakahamia Georgia, nako hapakukalika. 1986 akaandika kuomba ruhusa ya kuondoka tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa hapa London, kwenye nyumba ya hisani, chumba kimoja na jiko la kushirikiana na wengine. Mdogo wangu, hayo ni maisha ninayoyajua, nimeyaishi nilipofika. Tofauti ni kwamba mimi kwenye foleni ya jiko hakuna aliyenigeukia kuniuliza baba yangu aliua watu wangapi. Alifariki Wisconsin, Novemba 2011, akiwa na miaka 85, akitumia jina la Lana Peters.

Suala la kurudi nyumbani ndilo linalowamaliza wengi wao. Hussein Kamel, mkwe wa Saddam wa Iraq, alikimbilia Jordan Agosti 1995 na ndugu yake, ambaye naye alikuwa mkwe wa Saddam, pamoja na wake zao. Alidhani Wamarekani watamfanya kiongozi. Wakamsikiliza aliyokuwa nayo kuhusu silaha, kisha wakamwacha na fahari yake. Upweke ukamzidi, Saddam akatuma neno kwamba amesamehe. Februari 1996 wakarudi. Siku chache tu baadaye ndoa zilikuwa zimevunjwa, na wanaume wote wawili wameuawa kwenye mapambano ya risasi, waliotumwa wakiwa ni watu wa ukoo wao wenyewe. Mabinti wa Saddam wakabaki wajane kwa mkono wa baba.

Na Bokassa naye ni hivyo hivyo. Lile jumba la Hardricourt lipo kweli, lakini mle ndani fedha zilikauka, na Oktoba 1986 mzee akapanda ndege na mmoja wa wake zake na baadhi ya watoto kwenda Bangui, mji mkuu wa kwao, akiamini raia watampokea kwa vifijo. Akakamatwa uwanja wa ndege. Watoto wengine walisambaa. Mmoja, Charlemagne, aliyepewa jina la mfalme wa kale wa Ulaya, alikutwa amekufa mwaka 2001 kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi Paris, akiwa hana makazi, umri miaka 31. Hiyo ndiyo familia uliyonitajia kama mfano wa raha.

Jean-Claude Duvalier wa Haiti simalizi wino kwake. Aliingia Ufaransa 1986 na mkewe Michèle na mali ya kutisha, 1990 wakaachana, na talaka ikakomba kile ambacho anasa ilikuwa haijakomba.

Waliopata utulivu ni akina nani? Nimewafikiria, na karibu wote ni waliokubali kushuka. Mama mdogo wa Kim Jong Un, mtawala wa Korea Kaskazini, ndiye aliyemlea yule kijana alipokuwa akisoma Bern, Uswisi. Mwaka 1998 yeye na mumewe wakaingia ubalozi wa Marekani na watoto wao. Wakapewa majina mapya na kianzio, wakafungua duka la udobi. Mtu aliyekuwa akihudumiwa kama malkia akawa anasimama kutwa kwenye mvuke wa pasi, anapokea suti za watu, anatoa risiti, anatabasamu. Linganisha na Kim Jong-nam, kaka wa baba mmoja wa Kim Jong Un, aliyezungukia kasino za Macau na kutoa maoni kwa waandishi wa habari. Februari 2017, uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, wanawake wawili wakampaka sumu ya VX usoni. Hakufika hospitali.

Juanita, dada wa Fidel Castro, naye aliondoka Cuba 1964 na akaja kuendesha duka la dawa Miami miaka mingi. Hakurudi tena mpaka kifo chake 2023. Binti wa Fidel, Alina, alitoroka 1993 akiwa amevaa wigi na kushika hati za mtalii wa Kihispania, akaishia mji huo huo. Ungedhani shangazi na mpwa watashikana mikono. Walifikishana mahakamani kwa sababu ya kitabu alichoandika mpwa kuhusu ukoo.

Usidhani nawalilia wote. Mke aliyekula na mtawala, akavaa, akanyamaza jirani zake wakibebwa, sina machozi yake. Machozi yangu yana wenyewe, na wenyewe wako kwenye makaburi yasiyo na alama. Hata Svetlana, kuacha watoto wawili vile ni jambo ambalo sikuwahi kupata maelezo yake yaliyoniridhisha. Ila mtoto ni kitu kingine. Binti wa Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta alipelekwa Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, mwaka 1979 akiwa mdogo, baba akauawa mwaka huo huo, naye akakulia chini ya ulezi wa Kim Il Sung, babu yake Kim Jong Un, kwenye shule ya kijeshi, mpaka Kikorea kikawa ndiyo lugha yake. Alitoka huko 1994. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza kwao ni wapi, unataka akuonyeshe nini?

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Ughaibuni ni kugumu kwangu kwa bili, baridi na zamu za usiku, na vyote hivyo vina tarehe ya mwisho. Nikitaka kurudi nitapanda ndege, na mtakuja kunipokea, hata kama ni kwa ajili ya zawadi. Mimi nalala vizuri. Ada ya mtoto nitatuma mshahara ukiingia. Usinipigie kabla ya tarehe 28.