Mnaoanza kupima damu ya ngozi kwa joto, grafu ikishuka msiguse kitu

Nyie mnaoingia maabara ya fiziolojia na mmepewa ile kazi ya kupasha ngozi joto na kuangalia damu inavyoitikia, ngoja niwape nilichojifunza kwa aibu. Siku ya kwanza naachwa peke yangu nikamfunga mshiriki probu ya leza dopla (kifaa kinachomulika ngozi kwa mwanga wa leza kupima damu inavyopita) mkononi, chini ya kiwiko upande wa ndani, nikapandisha joto kutoka nyuzi 33 mpaka 42, grafu ikapaa vizuri dakika kama tatu hivi, nikawa najisikia mtaalamu, mara naona inashuka. Nikajua tu probu imeachia. Nikabandua nikabandika upya. Msimamizi akaja akaiangalia grafu akauliza neno moja tu, "umeigusa?"

Kumbe ile kushuka ndo yenyewe. Joto likipanda haraka neva za hisia kwenye ngozi zinashtuka, na mbali na kupeleka habari kwenye ubongo zinarudisha ishara kwenye matawi yao ya jirani palepale, bila hata kupita uti wa mgongo, zinamwaga kemikali za kutanua mishipa midogo. Hicho ndo kilele cha kwanza. (Kipokezi kimojawapo kinachohusika hapo ni kilekile kinachoshtuliwa na pilipili, ndo maana pilipili "inaunguza" wakati haina moto wowote.) Halafu damu inapungua kidogo, kisha inaanza kupanda tena taratibuuu mpaka dakika ya 20 au 30 inatulia juu, na hapo mwenye kazi kubwa ni naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, inayotengenezwa na ukuta wa ndani wa mshipa. Mwaka 2001 watafiti Minson, Berry na Joyner walipaka ganzi kwenye ngozi, kilele cha kwanza kikapungua, walipozuia naitriki oksaidi ile kupanda ya pili ndo ikaporomoka. Kwahiyo ukikatisha dakika ya kumi umepima neva, mishipa yenyewe hujaigusa, halafu unakuja kuandika kwamba mshiriki ana mishipa mibovu!

Mimi siku hizi nabandika kikaratasi juu ya mashine, USIGUSE MPAKA DAKIKA 40.

Kingine, andika spidi ya kupandisha joto. Ukipandisha polepole sana, tuseme sehemu ya kumi ya nyuzi kwa dakika, kile kilele cha kwanza karibu hukioni kabisa, sasa wewe na mwenzako mkitumia spidi tofauti mtabishana wiki nzima bure. Kahawa, sigara na mazoezi kabla ya kipimo hapana, chumba kisibadilike badilike joto, AC isimpulize mtu mkononi. Na mwambie aende chooni kwanza, jamani, maana akianza kujinyonganyonga dakika ya 25 mstari wote unakuwa kama msumeno.

Namba za dopla nazo zisikudanganye, sio mililita. Ile probu inaona kipande cha ngozi kama milimita moja ya ujazo tu, isogeze kidogo unapata namba nyingine kabisa, kwahiyo namba ya Juma na ya Asha huwezi kuzilinganisha hivihivi. Unagawa kwa presha ya damu ya wastani, halafu mwishoni unapandisha joto mpaka 43 au 44 upate ukomo wa pale ulipobandika, ndo unaandika asilimia ya huo ukomo. Wengi wanaruka hii ya mwisho kwa sababu wamechoka, na bila hiyo data yote haina pa kusimamia.

Hiyo 44 usiipite na usiiache muda mrefu, ngozi inaungua. Mshiriki akisema inauma, shusha. Ila ninaowaogopa zaidi ni wenye kisukari waliokwisha kufa ganzi, ukimuuliza anakujibu "poa tu, poa tu", na kweli kwake ni poa, hasikii. Huyo usisubiri akuambie, shika joto la chini na ngozi uwe unaichungulia mwenyewe.