Sina Cheo Kazini: Nitaonyeshaje Uongozi Ninapoomba Shule ya Biashara?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Busia. Nina umri wa miaka 29, na kwa miaka sita nimekuwa karani wa wakala wa forodha hapa mpakani. Nataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara ng'ambo, lakini kila fomu inadai insha kuhusu uongozi, nami sijawahi kusimamia hata idara. Rafiki zangu wananishauri nitaje kwamba nilikuwa kiranja sekondari na kwamba sasa ni mweka hazina wa chama chetu cha akiba. Lipo pia jambo dogo: mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona na foleni ya malori ikizidi kurefuka, niliwaomba makarani wa kampuni nyingine tatu tuwe na daftari moja la malori ambayo hati zake zimekamilika. Mmoja alijitoa baadaye. Niandike nini?

JIBU: Dada yangu, hilo uliloliita dogo ndilo la kuandika. Mwaka 2024 Shule ya Biashara ya Harvard ilipobadilisha maswali yake ya insha, mojawapo lilimtaka mwombaji aeleze, kwa maneno yasiyozidi 250, mambo yaliyounda namna anavyowakuza wengine, na kiongozi wa aina gani anataka kuwa. Swali hilo haliulizi cheo. Ukiranja uuache, kwani ulipewa na walimu na umepita zamani. Uweka hazina unatosha mstari mmoja, isipokuwa kama umewahi kukabiliana na mgogoro wa fedha za wanachama ukautatua.

Kuhusu daftari, uzito haumo katika daftari lenyewe. Makarani wale waliajiriwa na washindani wa bosi wako, hawakuwa na wajibu wowote wa kukusikiliza, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuficha habari za wateja wake. Kwa nini walikubali? Uliwaambia nini, nani alikuwa mgumu zaidi, na wewe ulitoa nini kwanza ili wakuamini? Msomaji wa insha yako anatafuta majibu ya maswali hayo, kwa hiyo yape nafasi kubwa kuliko maelezo ya foleni. Wala usimfiche yule aliyejitoa. Eleza alichokilalamikia, na kama ulimkosea, sema ulimkosea wapi na ulibadilisha nini baada ya hapo. Insha ambayo kila mtu ndani yake anakubali haraka huwa vigumu kuaminika.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya lugha, maana sisi tumelelewa kusema "tulifanya" hata pale mtu mmoja alipoanza jambo peke yake. Hiyo ni adabu njema barazani, lakini katika insha inamwacha msomaji bila kujua wewe ulikuwa wapi. Andika "niliwaendea", "niliwashawishi", "niliamua", kisha rudi kwenye "tuli-" kwa kazi mliyoifanya pamoja kweli, ili wenzako wasinyimwe haki yao. Takwimu nazo ziwe zile tu unazoweza kuzionyesha: idadi ya malori yaliyoandikwa daftarini, kama bado unalo, ina nguvu kuliko makisio ya saa au shilingi zilizookolewa.

Mwisho, barua ya mdhamini, yaani mtu anayekufahamu kazini na kukupendekeza kwa shule. Fomu ya pamoja ya mapendekezo inayotumiwa na shule nyingi humtaka mdhamini aeleze ukosoaji muhimu zaidi wa kukujenga aliowahi kukupa, na namna ulivyoupokea. Huko kwetu bosi huweza kukuambia, "Andika mwenyewe, nitatia sahihi." Nakusihi ukatae kwa heshima, kwa sababu si haki kwa shule wala kwako, na barua ya namna hiyo hufanana na insha yako kwa kila neno. Mchague aliyekuona ukifanya kazi mwaka ule, hata kama cheo chake si kikubwa. Mwombe nusu saa, mkumbushe matukio mawili au matatu pamoja na lile kosa alilokuonya, kisha mwachie kalamu, angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi.