Muulize Fundi: Milango ya gari inakoroma, ninunue sabufa kubwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah. Redio nimeifungia amplifaya mbili: moja ya spika za milango ya mbele, inchi sita na nusu, nyingine ya sabufa ya inchi 12. Nikifungulia taarabu, sauti ikipita nusu milango inakoroma, mwimbaji anatetemeka, na gita la besi limekuwa mvumo tu. Fundi wa huku anasema ninunue sabufa ya inchi 15. Nimeshaanza kuweka akiba.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Akiba yako usiiguse. Sabufa haina kosa, wanaoumia ni spika za milango.

Fungua kava ya mlango mmoja, weka wimbo huohuo, utazame koni, ule uso wa spika unaocheza. Utaiona inaruka mbele na nyuma kama kifua cha mtu aliyetoka mbioni. Waya mnene wa gita la besi ukipigwa wazi hutoa karibu Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Na kila masafa, yaani idadi hiyo ya mitetemo, yakishuka kwa nusu, koni inatakiwa kwenda umbali mara nne zaidi ili sauti ibaki na nguvu ileile. Penye milimita moja kwa Hz 80, Hz 40 inadai milimita nne. Spika ndogo haina nafasi hiyo. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inatoka kwenye sumaku, na kwa kuwa koni hiyohiyo ndiyo iliyombeba mwimbaji, anatetemeka nayo.

Kwanza tazama ubavuni mwa amplifaya ya milango. Ukikuta swichi ya HPF, ya kuzuia sauti za chini, iwashe, weka Hz 80, huna haja ya kununua kitu. Isipokuwepo, tafuta filta za kuchomeka: vipande viwili vidogo, kila kimoja kina pini ya RCA, ile ya waya za sauti za redio, upande huu na tundu upande wa pili. Hupitisha sauti za juu na kuzuia za chini. Zichomeke kwenye amplifaya ya milango, kisha waya zinazotoka kwenye redio ziingie humo. Ya sabufa usiiguse, ila LPF yake, ya kuzuia sauti za juu, iweke Hz 80 pia.

Hapa naomba uwe makini, maana mimi niliwahi kumharibia mteja. Nilimfungia filta za Hz 80 bila kusoma karatasi ya amplifaya, sauti za wanaume zikawa nyembamba kabisa. Filta zile za kapasita moja zilipigiwa hesabu ya ukinzani wa omu 20,000 kwenye tundu la kuingizia sauti. Amplifaya yake ilikuwa na omu 10,000, kwa hiyo mkato, pale filta inapoanzia kuzuia, ukahamia Hz 160. Kapasita ya maikrofaradi 0.1 inafaa omu 20,000. Kwa omu 10,000 tia 0.22, mkato utakuwa karibu Hz 72. Chukua ya plastiki, isiyo na chanya na hasi.

Mwanzoni milango itasikika mikavu. Usitishike, ongeza sauti na usikilize mwimbaji alivyotulia. Halafu kaa kiti cha dereva, mwenzako ageuze waya za sabufa, chanya kwa hasi, wimbo uleule. Baki na upande unaokupa besi nyingi zaidi hapo ulipokaa.