Wasomaji Wauliza: Mfinyanzi Akae Wapi Siku ya Urithi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Bagamoyo. Mimi ni mjumbe wa kamati inayoandaa siku ya urithi na sanaa za jadi katika kata yetu ya Dunda. Mgeni mmoja alituonyesha picha za Wakatawba wa Marekani wakisherehekea utamaduni wao, na vyungu vyao vilikuwa vimetangulizwa mbele ya kila kitu. Wenzangu walivutiwa sana. Sasa wanataka tupange vyungu vya bibi zetu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, tukodi kikundi cha ngoma, na vijana wavae manyoya kama ya kwenye picha. Mimi nina mashaka. Wakatawba ni watu gani, na tunaweza kujifunza nini kwao?
Mjumbe wa kamati, Dunda

JIBU: Ndugu mjumbe, mashaka yako yana msingi, na ningependa uyafikishe kwa wenzako kabla hawajaanza kushona mavazi.

Wakatawba ni wenyeji wa asili wa Marekani wanaoishi katika jimbo la South Carolina, karibu na mji wa Rock Hill, kandokando ya Mto Catawba. Wao wenyewe hujiita watu wa mto. Sherehe yao kubwa, Yap Ye Iswa, kwa desturi hufanyika mwezi Novemba, na humo huwa na ngoma, masimulizi, chakula na kazi za mikono, lakini ufinyanzi ndio fahari yao ya kwanza. Sababu yake imo katika historia. Mwaka 1759 ndui iliua sehemu kubwa ya watu hao. Mwaka 1763 mkataba uliofanywa Augusta uliwatengea eneo la mraba lenye maili 15 kila upande, na mwaka 1840, kwa mkataba mwingine, ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa jimbo. Mwaka 1959 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuacha kuwatambua kuwa taifa la wenyeji, na utambuzi huo haukurudishwa mpaka mwaka 1993, pamoja na fidia ya dola milioni 50 kwa madai yao ya ardhi. Katika muda wote huo, huku ardhi ikipotea na lugha yao ikikosa wasemaji, wanawake waliendelea kufinyanga, na mama akamfundisha binti. Kwa hiyo chungu kinapowekwa mbele ya umati kule, kinawekwa kama ushahidi kwamba watu hao hawakutoweka.

Namna wanavyofanya kazi ingeeleweka mara moja kwa mfinyanzi yeyote wa kwetu. Huchimba udongo wa aina mbili karibu na mto, na mahali pa kuchimbia ni siri inayotunzwa. Huukausha, huuponda, huuloweka na kuuchuja, kisha huchanganya aina hizo mbili ili chombo kiwe imara bila kupasuka. Hawatumii gurudumu la kufinyangia. Husokota udongo kuwa mikanda mirefu, huizungusha tabaka juu ya tabaka, na kuilainisha kwa vidole. Chombo kikishaanza kukauka hukwanguliwa kwa gamba la kome, kipande cha kibuyu au kisu, kisha husuguliwa kwa mawe laini ya mtoni mpaka king'ae, kwa kuwa hakipakwi rangi wala vanishi. Mawe hayo hurithishwa, na mfinyanzi anaweza kuwa anasugulia jiwe lilelile alilolitumia bibi wa mama yake. Mwishoni vyombo hupashwa joto taratibu, siku hizi hata katika oveni ya jikoni, halafu huchomwa kwa kuni kwenye moto wa wazi. Moshi na mwali ndivyo vinavyoviachia madoa meusi, ya kijivu na ya hudhurungi, na hakuna ajuaye hasa kila kimoja kitatoka na sura gani.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayoonekana juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Bagamoyo haina upungufu wa jukwaa: Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, nacho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na tamasha lake limewazoesha wakazi wa mji kuona ngoma za kila pembe. Ninachokiona kikikosekana katika shughuli nyingi za namna hii ni fundi anayefanya kazi akiwa ameketi chini, watoto wakiwa wamemzunguka, tena mwenye ruhusa ya kumwambia mtoto, "Njoo ushike udongo." Mpeni bibi huyo kivuli kizuri kuliko cha mgeni rasmi, maji karibu, na mjukuu wa kumsaidia. Chungu kilichokwisha kiwe pembeni yake, ili watu wakione kinatokana na nini.

Kuhusu manyoya, waambieni vijana wayaache. Kwa mataifa mengi ya wenyeji wa Marekani manyoya, hasa ya tai, ni alama ya heshima na ibada, na hayavaliwi kwa mapambo tu. Nanyi mna mdundiko, mna ukili na mikeka, mna vyetezo vya udongo ambavyo nyumba za pwani hufukizia udi. Yaazimeni mawazo ya Wakatawba, mavazi yao muwaachie wenyewe.

Msifuate hata mwezi wao. Novemba kwetu ni vuli, na chungu kisichokauka sawasawa hupasuka motoni. Chagueni siku kati ya Julai na Septemba, vyombo vifinyangwe mapema na kukaushwa kivulini, kisha vichomwe alfajiri kabla upepo wa bahari haujapanda, ili vitolewe vikiwa vimepoa wakati umati umeshafika. Na msiupeleke umati huo kwenye shimo la udongo, isipokuwa wafinyanzi wenyewe wametaka.

SWALI: Bibi yangu hufinyanga vyungu na vyetezo. Hualikwa kwenye sherehe, hukaa tangu asubuhi mpaka jioni akionyesha watu, kisha hupewa soda na kanga. Akitaja malipo huambiwa kwamba utamaduni hauuzwi. Je, ni makosa kudai?
Mjukuu, Kaole

JIBU: Si makosa hata kidogo, mjukuu. Hao Wakatawba niliowaeleza hapo juu wasingekuwa na ufinyanzi leo kama wasingeuuza. Tangu enzi za ukoloni walibeba vyungu vyao na kuviuza kwa majirani, na katika miaka ya dhiki fedha hiyo ndiyo iliyolisha watoto. Miaka ya 1970 mabingwa wao walifundisha darasa la vijana kwa kuona kwamba waliobaki na ujuzi wamekuwa wachache na wazee. Mmoja wa mabingwa wa kizazi hicho, Georgia Harris, aliyezaliwa mwaka 1905, alitunukiwa mwaka 1997 tuzo ya taifa ya Marekani ya sanaa za urithi, mwaka uleule aliofariki. Hakuna aliyesema kwamba kuuza kulimpunguzia heshima.

Mpigaji ngoma hulipwa, na mwenye kukodisha viti hulipwa. Basi kabla bibi hajakubali mwaliko unaofuata, nenda wewe kwa waandaaji, kwa adabu, ukakubaliane nao mambo matatu: ujira wa siku ya kufundisha, gari la kubebea udongo na vyombo, na kwamba bei ya kila chungu ataipanga bibi mwenyewe na fedha ya mauzo itaingia mkononi mwake. Wakikataa la kwanza, apeleke vyombo vya kuuza tu, naye asifundishe siku hiyo.