Jibu: Gredi ya 8 wote wameandika "nitasoma kwa bidii"

Salamu mwalimu wa Kisumu. Umesema wanafunzi wako 52 wameandika lengo lilelile la mwaka mpya, "nitasoma kwa bidii", nawe umekwama. Angalia kwanza: walitazama nyuma kabla ya kuandika? Mara nyingi hapo ndipo tatizo lilipo.

Warudishie karatasi za mtihani wa muhula wa 3. Kila mmoja achague somo moja tu, ahesabu alama zilivyopotea: hakujua jibu, hakusoma swali vizuri, au muda ulimwishia. Dakika 20 zinatosha. Aliyepoteza alama 9 kwenye aljebra ataandika, "maswali 3 ya aljebra kila Jumanne na Alhamisi kabla ya kwenda nyumbani." Hilo linapimika.

Lengo liishie mapumziko ya katikati ya muhula. Mwaka mzima ni mrefu mno, hata kwetu sisi watu wazima.

Usiyabandike malengo yao ukutani, wataandika ya kukufurahisha. Yakae nyuma ya daftari, wayapitie wawili wawili kila Ijumaa, dakika 5. Aliyeshindwa asikemewe, maswali 3 yawe 1. Na akiandika mambo ya karo au ya nyumbani, mwite kando, si mbele ya wenzake.