Homa ya jioni na rangi mbili za dukani

Juzi msomaji mmoja wa Makorora, hapa Tanga, kaniandikia: "Dada, homa ina wiki ya tatu, malaria haionekani, wa duka la dawa kanipa rangi mbili. Nimeze?" Rangi mbili ni vile vidonge vya antibiotiki. Nikajiona mimi mwenyewe.

Mimi nilimeza. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, nikawa nalituliza kwa karafuu na maji ya chumvi. Zikaja homa za jioni; usiku nalowa jasho hadi wifi anabadili shuka mara mbili. Kipimo cha malaria hakina kitu, mseto nikapewa hivyo hivyo. Uliposhindwa nikaenda dukani, hapa hapa Ngamiani, kununua rangi mbili. Siku tatu nafuu, nikaacha. Wiki haijaisha, homa hiyo! Nikarudia mara tatu. Khanga zikawa hazinikai kiunoni, majirani wakaanza kunitazama kwa jicho lile mnalolijua.

Daktari aliyeniwekea kipimo kifuani alisikia mlio kwenye moyo. Akauliza kama utotoni niliwahi kuvimba magoti. Niliwahi, nyumbani wakasema nakua. Kumbe ilikuwa homa ya baridi yabisi, ile inayofuata koo lenye bakteria, na iliniachia valvu mbovu, kile kilango cha damu ndani ya moyo. Bakteria wa jino walipoingia kwenye damu wakapata pa kunata. Akaagiza damu ioteshwe maabara, tujue ni bakteria gani. Haikuota kitu! Hapo ndipo panaponiuma hadi leo: rangi mbili ziliwalewesha wadudu bila kuwamaliza, tukawa hatujui tunapigana na nani. Picha ya moyo niliyopigwa Dar ndiyo iliyoonyesha vijinyama kwenye valvu, maambukizi ndani ya moyo.

Wiki 6 za sindano za mshipa. Sikuruka hata moja, na hilo najivunia. Sasa nina ya penisilini kila wiki 4, ya makalioni. Siku hiyo nalalia tumbo.

Basi nyie mnaotibiwa na muuza duka, sikieni. Homa isiyo malaria ikikawia, nendeni hospitali, mtaje kila mlichomeza. Damu itolewe kabla ya antibiotiki, na si kichupa kimoja cha kuotesha. Mwenye valvu mbovu amwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo. Damu kwanza, jamani, dawa baadaye!

Jana usiku yule msomaji kanijibu: keshameza viwili. Nimemwambia paketi asiitupe, alfajiri aende nayo hospitali ya Bombo.