Kompresa inashika asubuhi, mchana inagoma

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Toyota IST ya teksi hapa Dar es Salaam. Asubuhi AC inatoa baridi vizuri, lakini saa saba mchana kwenye foleni ya Barabara ya Mandela inapuliza joto. Fundi wa kwanza kaongeza gesi mara mbili. Wa pili anataka kuvuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye kompresa, aniwekee swichi chini ya dashibodi niwe nawasha mwenyewe. Anasema ndivyo anavyowafanyia wengi. Nikubali?
Dereva, Mbagala

JIBU: Marahaba, dereva. Huo waya ukatae.

Kitufe cha AC hakipeleki umeme kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC; kinapeleka ombi tu. Ombi linapimwa na swichi ya presha iliyo kwenye bomba la gesi, na kihisi cha joto kilichochomekwa kwenye evapureta (kile kipozeo cha hewa ndani ya dashibodi), ndipo kompyuta iiamshe rilei, yaani swichi inayofungwa kwa umeme. Rilei ikifunga, umeme unaingia kwenye koili ya klachi, koili inakuwa sumaku na kuivuta sahani ya mbele igandamane na puli. Ule mlio wa "ta!" ndio huo. Kabla yake puli inazungushwa na mkanda bure, kompresa imelala.

Kwenye magari mengi ya gesi ya R134a, swichi hukata presha ikishuka hadi karibu bar 2 au ikipanda hadi karibu bar 30. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, kwa hiyo gesi ikivuja, kompresa inajisaga. Presha ikizidi, kitu kinaweza kupasuka. Kihisi nacho hukata evapureta isigande, maana barafu ikijaa hewa haipiti. Fundi wako anataka kuviruka vyote kwa waya mmoja. Hao wateja wake wengi, sijui wamenunua kompresa ngapi.

Subiri igome. Injini ikiwaka na AC ikiwa imewashwa, fundi apime volti kwenye plagi ya klachi. Ikisoma 13 au 14 na sahani haivutwi, umeme umefika, ubaya uko kwenye klachi yenyewe. Aiguse sahani kwa kijiti kirefu, vidole mbali na mkanda. Ikishika hapo hapo, nafasi kati ya sahani na puli imepanuka. Inatakiwa iwe karibu nusu milimita. Ikizidi, koili ikishapata joto nguvu yake inapungua na haiwezi tena kuvuta. Mara nyingi dawa ni kutoa washa moja nyembamba (kipete cha chuma) nyuma ya sahani, bila hata kufungua gesi.

Plagi ikisoma sifuri, kuna aliyelikataa ombi. Mimi ningeanza na feni ya kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, kwa sababu gari lako linagoma kwenye foleni: limesimama, upepo hakuna, feni ikichoka presha inapanda na swichi inakata. Na hiyo gesi iliyoongezwa mara mbili inanitia shaka kuliko vyote, maana ikizidi, presha inapanda vilevile. Itolewe yote kwa mashine, irudishwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Rilei ni kazi ya dakika moja: badilishana na nyingine yenye namba ile ile kwenye boksi la fyuzi. Kisha niandikie plagi ilisoma ngapi.